Ngoma na Benchi la Mlangoni

Jumapili nyumbani kwetu Kambi Muru ilianza na vita dhidi ya matope. Kanzu zetu za kanisa zilikuwa nyeupe, na vichochoro vya Kibera havikuwa na habari na weupe wa mtu. Baba yangu, Wangila, fundi seremala, aliikunja yake hadi magotini na kuifunga kwa kamba. Mimi yangu niliibeba ndani ya mfuko mpaka tufike kwenye lami. Kutoka hapo tulifuata Ngong Road hadi Dagoretti Corner, kisha tukaingia Kawangware, katika mtaa uitwao Congo, ambako kanisa letu la mabati lilikuwa. Ulikuwa mwendo wa zaidi ya saa moja kwa miguu. Majirani walipomuuliza kwa nini hasali karibu, Baba aliwajibu kwamba Mungu yuko Kibera pia, lakini dada yake yuko Kawangware.

Dada yake huyo ni Senge Eddah. Kwetu sisi Waluhya, senge ni dada ya baba, na kazi yake si ndogo. Mambo ambayo msichana hawezi kumwambia baba yake, humwambia senge. Mama yangu alikuwa Bungoma akilima shamba na kulea wadogo zangu, kwa hivyo siku za wiki nilikaa na Baba katika chumba kimoja kilichogawanywa kwa pazia, na Jumapili nilikuwa wa Senge. Nilipewa jina la nyanya yetu Sella, mama yake mzazi, ndiyo maana Senge aliniita "mama" hata aliponigombeza.

Mwaka huo wa 1996 nilikuwa na miaka kumi na minne, darasa la nane, na nilikuwa mpiga ngoma. Nalisema hilo kwa majivuno wala sioni haya. Kanisa letu lilipotoka kwa maandamano kuzunguka soko, bendera mbele na waimbaji nyuma, mimi ndiye niliyewapa mwendo. Mzee Wesonga, mkubwa wa ngoma, ambaye kusifu mtu kulimuuma kama jino, alisema mbele ya watu kwamba mkono wangu hauchelewi.

Lakini kanisa lilikuwa na desturi moja. Mwanamke aliye katika siku zake za mwezi hakushika ngoma wala bendera. Aliketi kwenye benchi refu lililokuwa mlangoni, akafuata ibada kutoka hapo. Senge ndiye aliyelitunza benchi hilo. Kila aliyeketi alipewa shuka la kijani la kufunika magoti na kikombe cha chai ya tangawizi. Akina mama wenyewe walilipenda. Walisema ndiyo mapumziko pekee waliyopata kwa mwezi mzima.

Mimi nililichukia, na nina sababu. Siku zangu zilikuwa hazikosei, kila baada ya wiki nne, Ijumaa au Jumamosi, kwa hivyo Jumapili ilinikuta papo hapo. Tena zilikuja na maumivu ambayo sikuwaona wenzangu wakiyapata. Desemba iliyotangulia, nikiwa kwenye benchi, yalinishika chini ya kitovu yakazunguka hadi mgongoni, nikajikunja na kutapika kwenye shuka la Senge. Wimbo ulikatika. Kanisa zima liligeuka, na mtoto mmoja akauliza kwa sauti kama nimekufa.

Nikaapa kwamba hawataniona tena pale. Kuanzia Januari, siku zangu zilipofika, nilijifunga vitambaa vizuri, nikavaa suruali ndani ya kanzu, nikapita mbele ya benchi kana kwamba silioni, nikachukua ngoma. Uongo wangu haukuhitaji hata neno moja. Senge alinitazama, akatabasamu, akaendelea kumimina chai.

Mwezi huo maumivu yalizidi. Februari yakazidi tena. Na hapo ndipo woga ulipoingia, kwa sababu nilidhani najua yanatoka wapi. Nilikuwa nimeshika ngoma ya Mungu katika siku nisizoruhusiwa, naye ananipiga palepale. Nililala nyuma ya pazia nikiuma kona ya blanketi ili Baba asisikie, na niliogopa mambo mawili kwa pamoja. Niliogopa kwamba nitakufa. Na niliogopa kwamba nikisema kinachoniua, wote watajua nilichofanya.

Mwezi wa pili huohuo, mama mmoja wa safu yetu ya nyumba alifariki. Watu walisema ni tumbo tu lilimsumbua. Waliposema "tumbo tu", mimi nilirudi nyuma ya pazia nikaanza kuomba.

Machi, tukiwa darasani, yalianza mapema kuliko kawaida, siku ya Ijumaa asubuhi. Mitchelle, rafiki yangu tuliyeketi dawati moja, aliniona nimelaza paji la uso juu ya kitabu cha hesabu.

"Sasa Sella, ni nini? Umekuwa mweupe hivi."

"Niko poa."

"Poa gani na unatoka jasho na kuna baridi? Ni zile siku?"

"Aa. Nimekula vibaya."

Mitchelle hakuamini, lakini hakubishana. Alimwambia mwalimu, nami nikapelekwa kwa Baba, aliyekuwa akipiga randa mlango wa mteja katika kijiji cha Raila, hapohapo Kibera. Aliacha randa juu ya ubao, akanishika mkono, akanipeleka kwenye kliniki ndogo ya Bwana Musyoka, kando ya reli.

"Unaumwa wapi?" Musyoka akaniuliza.

Baba akajibu. "Tumbo. Ako na tumbo tangu asubuhi."

"Tumbo lote ama sehemu moja?"

Baba alikuwa amesimama karibu nami, mkono wake begani mwangu, mkono wenye vumbi la mbao. Ningesemaje mbele yake? Nilitazama sakafu.

"Lote," nikasema.

"Unaharisha?"

"Kidogo."

Hilo lilikuwa kweli. Musyoka alipima damu, akasema ni homa ya matumbo, maji ya Kibera ndivyo yalivyo, na akanipa vidonge vya siku kumi. Siku ya nne nikapona kabisa. Baba alifurahi sana, akamsifu Musyoka kwa kila aliyepita. Mimi nilijua kwamba siku zangu zilikuwa zimekwisha, na kwamba vile vidonge havikuwa vimefanya lolote. Nikanyamaza.

Aprili ikawa vilevile, na Mei vilevile. Mara tatu nikatibiwa homa ya matumbo, mara tatu nikapona siku ya nne au ya tano. Baba alianza kuchemsha maji mara mbili, kisha mara tatu, mpaka mafuta ya taa yakawa yanaisha kabla ya wiki. Alininyima mboga za kibandani na juisi za barabarani. Maskini Baba, alipigana na adui ambaye hakuwepo, na mimi niliyejua nilikaa kimya nikinywa maji yake yenye ladha ya sufuria.

Nilikonda. Usiku nilihesabu wiki nne kwa vidole, na kila kidole kilichopungua kilinitia hofu zaidi. Sikuogopa KCPE, mtihani wa kumaliza shule ya msingi uliokuwa Novemba. Niliogopa Ijumaa.

* * *

Jumapili moja ya Juni nilipiga ngoma nikiwa siku ya pili. Sikumbuki nyimbo. Nakumbuka tu kwamba kila nilipoinua mkono, kitu kilinivuta ndani kama kamba iliyofungwa kwenye mbavu, na nilijikaza kisabuni mpaka maandamano yakarudi kanisani. Baada ya ibada, Senge aliniita nyumbani kwake, chumba cha nyuma ya kanisa alimoshonea sare za shule. Akafunga mlango. Sikupenda vile alivyoufunga.

"Keti, mama."

Nikaketi juu ya rundo la vitambaa.

"Lile shuka la kijani nalifua kwa mikono yangu mwenyewe," akasema taratibu. "Kila Jumapili najua limefunika magoti ya nani. Wewe lilikufunika Desemba. Januari, hapana. Februari, hapana. Mpaka leo Juni benchi langu halijakuona."

Nilidhani amegundua ngoma.

"Umekonda. Unatapika. Baba yako ananiambia kila mwezi ni tumbo." Sauti yake ikapasuka. "Ni nani, Sella? Niambie ni nani kabla sijamwambia baba yako."

Ilinichukua muda kuelewa. Senge alikuwa amehesabu miezi sita bila benchi, akapata jibu ambalo mwanamke yeyote wa kanisa letu angelipata. Alidhani nina mimba.

Ningesema neno moja tu, ningejiokoa. Lakini neno lenyewe lilikuwa kwamba nimeshika ngoma nikiwa najisi miezi sita, na kwamba Mungu ananiua kwa sababu hiyo. Nilifungua mdomo, ukakataa kutoa sauti. Senge akauchukua ukimya wangu kuwa jibu. Akajifunika uso kwa kitambaa cha sare, akalia.

Nilisimama ili nimshike. Ndipo maumivu yaliponikata. Sijui nilivyofika chini. Nilisikia Senge akiita jina langu, kisha nikamsikia akinyamaza ghafla, kwa maana alikuwa ameona damu kwenye kanzu yangu nyeupe. Aliyofikiria wakati huo ni mabaya kuliko yale ya kwanza. Alidhani mimba inatoka.

"Wangila!" akapiga kelele mlangoni. "Wangila, mtoto anatutoka!"

Mzee Wesonga alitafuta pikapu ya kubebea kabeji. Nililazwa juu ya magunia, kichwa kwenye mapaja ya Senge. Baba alikaa miguuni pangu. Senge alikuwa amemwambia kila kitu, au alichodhani ni kila kitu. Baba hakunigombeza wala kuniinulia mkono. Alinifunika kwa kanzu yake na kutazama barabara. Hapo nilimwogopa zaidi kuliko kama angenipiga.

* * *

Katika hospitali kubwa tulipokelewa na daktari mwanamke, mfupi, mwenye miwani iliyofungwa kwa plasta upande mmoja. Aliitwa Daktari Wacera. Baba akaanza kama kawaida.

"Daktari, ako na tumbo, na pia tunafikiri..."

"Yeye ana mdomo?" Daktari Wacera akamkatiza bila ukali.

"Ndiyo."

"Basi nitaanza na yeye. Wazee, mtusubiri nje kidogo."

Ilikuwa mara ya kwanza tangu nianze kuugua kuwa mbele ya daktari bila mkono wa Baba begani mwangu. Daktari akachukua mkojo na damu vipimwe, akanidunga sindano ya kutuliza maumivu, akavuta kiti karibu na kitanda. Majibu yalipokuja, aliyasoma na kuweka karatasi chini.

"Huna mimba, na haijatoka mimba yoyote. Homa ya matumbo pia sioni. Sasa ni mimi na wewe. Usiponiambia ukweli, nitakutibu kitu kingine kama walivyofanya wengine. Maumivu yanaanza lini?"

Aliningoja. Nje ya pazia nilimsikia Senge akiomba kwa Kibukusu, lugha yetu ya nyumbani, akimwambia Mungu achukue chochote ila mtoto. Sauti hiyo ndiyo iliyonivunja.

"Yanaanza siku moja kabla ya siku zangu," nikasema. "Yanaisha zikiisha."

"Kila mwezi?"

"Kila mwezi. Tangu mwaka jana. Yanaanzia hapa chini, yanaenda mgongoni na kwa mapaja. Natapika. Na nikienda choo kubwa siku hizo, inauma kama kukatwa. Baba hajui. Senge hajui kwamba siku zangu bado zinakuja. Nilijificha ili nipige ngoma."

"Ngoma gani?"

Nikamwambia yote, huku nikilia, desturi, benchi, shuka la kijani, na kiapo changu. Mwisho nikauliza lile lililokuwa limenikaa kooni miezi sita.

"Mungu ananiua kwa sababu ya ngoma?"

Daktari Wacera hakucheka. Alivua miwani, akaifuta.

"Mwaka jana ulikuwa unaketi benchi kama wengine?"

"Ndiyo."

"Na ulikuwa unaumwa?"

Nikafikiri. "Ndiyo."

"Basi haya maumivu hayajui kama umeshika ngoma ama umeshika ufagio."

Aliwaita Baba na Senge. Kabla hajasema lolote lingine aliwaambia sina mimba, na Baba, aliyekuwa ameivaa tena kanzu yake nyeupe, aliketi kwenye sakafu ya hospitali, kama mtu aliyekatwa miguu. Kisha Daktari akamuuliza Senge kama anakumbuka nilivyokuwa nikiketi benchi mwaka uliotangulia. Senge alikumbuka kila Jumapili. Agosti nilijikunja lakini nikavumilia, Oktoba sikuweza kunywa chai, Novemba nililala benchi nzima, Desemba nikatapika. Daktari aliandika haraka, akajaza ukurasa.

"Mama, wewe umenisaidia kuliko mashine," akamwambia.

Alisema anashuku ugonjwa uitwao endometriosis. Nilirudia jina hilo kimoyomoyo mara tatu na likaniponyoka mara tatu. Lakini kushuku si kujua, akaendelea. Alinipa dawa za maumivu na kunifundisha kuzimeza mapema, kabla maumivu hayajapanda, si baada ya kushindwa. Aliniagiza niandike kwenye daftari kila siku, nimeumwa au la, wapi, kwa kiasi gani. Nikirudi miezi miwili baadaye bila nafuu, angeangalia ndani.

"Ndani wapi?" nikauliza.

"Ndani ya tumbo. Utalala kwa dawa. Tutapitisha bomba jembamba lenye taa hapa kitovuni, tuone kwa macho yetu."

Nilidhani hofu yangu imekwisha. Kumbe ilikuwa inabadilisha nguo tu.

* * *

Julai niliandika daftari. Agosti pia. Dawa zilipunguza kidogo, lakini siku ya pili bado nilikuwa natambaa. Mitchelle nilimwambia ukweli, na yeye ndiye aliyenifundisha kujaza chupa ya soda maji ya moto, kuifunga kwa soksi na kuiweka tumboni. Ilinipa nafuu ya kufumba jicho nikalala.

Likizo ya Agosti nililazwa. Usiku wa kuamkia siku ya kuangaliwa ndani, nikiwa wodini, nilitazama kitovu changu kana kwamba nakiaga. Nikifumba macho, niliona yule mama wa safu yetu. Asubuhi waliponisukuma kwenye kitanda cha magurudumu, Baba alitembea kando yangu mpaka mlango aliokatazwa kupita.

"Baba, nisipoamka?"

Hakuniambia niache upuuzi. Alisema, "Mimi pia naogopa. Nitakuwa hapa kwa huu mlango mpaka utoke."

Ajabu ni kwamba maneno hayo yalinitia nguvu kuliko kama angejifanya shujaa. Nilivutwa ndani, taa kubwa ikawa juu yangu, mtu akaniambia nihesabu. Nilifika nne.

Nilipoamka koo lilikuwa limekauka na Baba alikuwa palepale. Jioni Daktari Wacera alikuja, akachora kwenye karatasi ili sisi watatu tuone.

"Ndani ya mji wa mimba kuna utando. Kila mwezi hujaa, kisha hutoka kama damu. Hiyo ni kawaida kwa kila mwanamke. Kwako, Sella, utando unaofanana na huo umeota pia nje ya mji wa mimba, hapa nyuma, karibu na utumbo. Mwezi ukifika nao huvimba na kuvuja, lakini hauna mlango wa kutokea. Tumeyaona madoa yake kwa macho. Mengine tumeyachoma."

"Kwa hivyo amepona?" Baba akauliza.

"Hapana. Sitawadanganya. Ugonjwa huu hatujui chanzo chake, na hauna dawa ya kuumaliza kabisa. Lakini hautamuua, hauambukizi, na unaweza kutulizwa. Kuna hivi vidonge, atameza kimoja kila siku, saa ileile."

Senge alivitazama, akamtazama Baba. "Daktari, si hizi ni zile za kupanga uzazi?"

"Ni zilezile. Kwa wengine hupanga uzazi. Kwa huyu hufanya utando usijae sana, na maumivu yapungue."

Baba alikohoa. "Na majirani wakiziona?"

"Majirani ndio walikuwa wanatapika?"

Senge aligeukia ukuta ili asionekane akicheka.

Niliporudi nyumbani Kambi Muru, pazia letu halikuwepo. Mahali pake Baba alikuwa ameweka ukuta wa mbao, wenye mlango mdogo na komeo upande wangu. Ndani alipigilia rafu ya daftari, vidonge na chupa ya soda. Siku iliyofuata, alipokuwa akinoa patasi, alisema bila kunitazama, "Kwa Musyoka nilikuwa nakujibia kila kitu. Ningetoka nje hata mara moja, ungemwambia." Nikamwambia hata mimi ningeweza kusema. Tuliachia hapo.

Maumivu hayakuisha. Sitaki msomaji adhani niliamka siku moja nikawa mzima. Miezi miwili ya kwanza vidonge vilinitia kichefuchefu, na bado kila Ijumaa ya wiki ya nne niliamka nikisikiliza tumbo langu kwa hofu. Lakini nilikuwa naumwa kama mtu, siyo kama mtu anayechinjwa. Novemba, siku ya pili ya KCPE, yalikuja mapema, kabla ya Ijumaa. Mwalimu wangu nilikuwa nimemwambia mapema. Niliingia na chupa yangu ya moto, nikaomba ruhusa mara moja kutoka nje, nikarudi, nikamaliza karatasi.

* * *

Jumapili ya mwisho ya Desemba ilikuwa ya maandamano makubwa. Wageni walikuwa wamefika kutoka makanisa mengine, na Mzee Wesonga alikuwa amenipa ngoma mpya, ngozi yake bado ina harufu. Siku zangu zilianza alfajiri hiyo.

Nilifika kanisani, nikachukua ngoma na kusimama nayo. Watu walikuwa wamejaa mpaka nje. Nikitoka pale, wote wangejua. Niliogopa, nakiri. Kisha nikavua mkanda begani, nikamwendea Mzee Wesonga na kumpa ngoma yake mbele ya wageni wote.

"Leo niko benchi, Mzee."

Alinitazama, akaipokea kwa mikono miwili. "Ngoma itakungoja," akasema.

Senge aliniwekea shuka la kijani magotini. Hakuna aliyenicheka. Upande wa pili wa benchi alikuwa ameketi msichana wa miaka kumi na miwili hivi, jina lake Akeyo, mgeni. Alikuwa amejikunja, jasho limemtoka, chai yake imepoa bila kuguswa. Senge alimuuliza ana nini.

"Nimekula maandazi mabaya," Akeyo akasema haraka, akitazama chini.

Nilijua sakafu ile aliyokuwa akiitazama. Senge pia aliijua. Aliketi katikati yetu, akamshika Akeyo mkono mmoja na mimi mkono mwingine.

"Sikilizeni, akina mama," akasema. "Huyu Sella alificha maumivu yake miezi sita kwa sababu ya aibu na woga. Daktari akatibu kitu kingine, baba yake akapigana na maji, na mimi senge yake nikamdhania mabaya. Sisi wakubwa tulikosea kwa sababu hatukuuliza vizuri. Yeye alikosea kwa sababu hakusema. Maumivu ya kukutapisha na kukulaza chini kila mwezi si kawaida ya mwanamke, na si adhabu ya Mungu. Ni ugonjwa, na ugonjwa unaambiwa mtu mzima unayemwamini, kisha daktari, ukweli wote, hata ule unaouonea haya. Daktari hatibu asichoambiwa."

Nje ngoma ililia mara ya kwanza, na mkono ulioipiga ulichelewa kidogo. Nilisikitika, sitaficha. Nikatoa chupa yangu ya soda iliyofungwa soksi, niliyoijaza kwa Senge, bado ya moto, nikamwekea Akeyo mapajani, chini ya shuka.

"Weka tumboni," nikamwambia. "Halafu niambie. Yanaanza siku gani?"

Akaishika chupa kwa mikono yote miwili, akaanza kusema.